Acheni kulilia duka la kanda

Leo naomba niudhi watu. Hasa marafiki zangu tuliomaliza nao Mlimani, maana siku hizi haipiti wiki bila mmoja wao kuweka mtandaoni picha ya kanda ya kaseti na kalamu ya Bic pembeni yake, halafu chini anaandika kwa uchungu kuhusu enzi zile muziki ulipokuwa muziki, ulipokwenda dukani na hela yako mkononi ukanunua kazi ya msanii. Wenzake hamsini wanajibu kwa alama za machozi. Jamani! Mtu ana miaka 27, analilia enzi zipi? Sisi tulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 90. Tulipojua kusoma, kanda ilikuwa imeshaanza kutupwa jalalani, utepe wake umenasa kwenye nyaya za umeme na matawi ya mwarobaini. Tulichokikuta ni mabaki yake, kisha CD za kuchoma, kisha yule kijana mwenye kompyuta aliyekuwa akituingizia nyimbo kwenye memori kadi.

Lakini umri si hoja yangu. Mtu ana haki ya kukumbuka hata cha baba yake. Hoja yangu ni yale maneno ya katikati: "ukanunua kazi ya msanii". Hapo ndipo ninapogoma. Duka la kanda la mtaani kwetu, hilo hilo mnalolilia, ndipo msanii alipoibiwa mchana kweupe, na mteja akatoka anapiga miluzi. Tukitaka kulikumbuka, tulikumbuke lote.

(Kwa wanaouliza mbona naandika haya huku: mhariri wa kurasa za burudani aliniomba makala ya kumbukumbu ya maduka ya muziki. Nikaandika. Usiku likaja tangazo la nusu ukurasa, makala ikabaki robo, na robo iliyobaki ndiyo ile tamu tamu. Hii hapa ni ile chungu.)

Kwanza tukubaliane tunazungumzia duka gani. Kuna vijana wa mjini nawaona wananunua mashine ya santuri kama pambo la sebule, wanasimulia raha ya kupekua santuri kwenye masanduku huku muuzaji mwenye ndevu akiwashauri. Hiyo ni sinema ya Kimarekani, ndugu yangu. Nani kati yetu aliwahi kupekua kitu chochote kwenye duka la muziki Tandika? Duka lilikuwa na wavu wa chuma mbele. Nyuma ya wavu kuna kaunta, nyuma ya kaunta kuna ukuta mzima wa kanda, migongo yake imeandikwa kwa mkono. Hukugusa. Ulinyoosha kidole, muuzaji akaitoa, akaitia kwenye deki, na spika mbili zilizofungwa juu ya mlango zikapiga mpaka makonda wa daladala upande wa pili wakaanza kuitikia. Ukisikiliza nusu wimbo, inatosha, toa hela. Na pembeni kulikuwa na deki nyingine, ile yenye matundu mawili. Hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya biashara. Tundu moja la kuchezea, tundu moja la kurekodia. Kaka yangu mkubwa aliandika orodha yake kwenye karatasi ya daftari, nyimbo kumi na mbili, akaiacha pamoja na kanda tupu, akairudia jioni. Kanda inatoka, orodha imenakiliwa kwenye kava kwa wino wa bluu, kila mtu anafurahi. Msanii yuko wapi katika hadithi hii? Hayupo. Hajui hata kama kuna duka.

Mashine ile ilizaliwa na uhaba, hilo nalikubali. Miaka ya 70 na 80 nchi hii haikuwa na kiwanda cha santuri kinachofanya kazi. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukapigwa hewani nchi nzima ukausikia, lakini huwezi kwenda dukani ukaununua. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Mbaraka Mwinshehe alikwenda huko kurekodi, na alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga wakahamia Kenya kabisa, wakawa Simba Wanyika. Kule kulikuwa na maduka ambayo yenyewe yalikuwa lebo: Melodica pale Mtaa wa Tom Mboya, na Mombasa kulikuwa na Assanand na lebo yake ya Mzuri. Mwenye duka ndiye aliyekurekodi, ndiye aliyekuuza. Halafu mwaka 1977 mpaka ukafungwa, ukafunguliwa 1983. Kwa miaka hiyo sita mpenda muziki wa Tanzania alifanya nini? Alikaa karibu na redio kaseti yake, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, akisubiri mtangazaji anyamaze.

Kwa hiyo duka la kanda lilianza kwa kuuza kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakiuza. Sawa. Ila mpaka ulifunguliwa, na kanda tupu zikajaa madukani, na bado biashara ikaendelea vile vile kwa miaka ishirini mingine. Uhaba ukaisha, tabia ikabaki. Na bendi zikaendelea kuambiwa kwamba malipo yao ni kusikika, ili Jumamosi watu wajae dansini. Aliyezeeka akashindwa kusimama jukwaani hakuwa na dansi wala mirabaha.

Nataka muitazame habari ya Marijani Rajabu. Jabali la Muziki. Alivuma na Safari Trippers, akavuma zaidi na Dar International, na "Zuwena" mpaka leo ikipigwa kwenye harusi wazee wanaacha sahani ya pilau wanasimama. Miaka ya mwanzo ya 90 mtu huyu hakuwa na bendi, hakuwa na vyombo. Mnajua alikuwa anaishije? Alikuwa anauza kanda kwenye kibanda. Alifariki Machi 1995.

Rudia kusoma. Sauti iliyojaza ukuta wa kila duka la kanda nchi hii, mwenye sauti anakaa kwenye kibanda anauza kanda rejareja, kama muuza karanga, akishindana kwa bei na kila mwenye deki ya matundu mawili. Mnapoweka ile picha ya kalamu ya Bic, huyo mmemweka wapi?

Najua mtaniambia: hayo ni ya zamani, Bongo Fleva ilikuja na kanda halisi, zenye kava la rangi. Kweli, zilikuja. Profesa Jay alitoa "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001, na kanda halisi ilikuwepo na watu walinunua. Lakini hebu tuulize kanda halisi ilikuwa inafika vipi dukani. Msanii anamaliza albamu studio, anachukua masta, anakwenda Kariakoo kwa msambazaji. Msambazaji anasikiliza nyimbo mbili, anakuna kidevu, anataja bei. Ama unachukua hela ya mkupuo unaondoka, ama unakubaliana kiasi kwa kila kanda. Njia ya pili inapendeza masikioni, isipokuwa kwamba hesabu ya kanda ngapi zimefyatuliwa aliijua mwenye mashine ya kufyatulia peke yake. Msanii alikuwa anakisia. Mtafiti Mmarekani Alex Perullo aliandika kitabu kizima juu ya uchumi huu wa muziki wa Dar, "Live from Dar es Salaam", kikatoka mwaka 2011, na ukikisoma unajiuliza kwa nini kimeandikwa na mgeni wakati sisi tulikuwa tunapita Kariakoo kila siku.

Sheria ilikuwepo, tusisingizie sheria. Sheria ya Hakimiliki tunayoitumia ni ya 1999, na COSOTA ikafuata. Stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu zikaja 2013, ili kanda na CD halisi ijulikane. Mwaka 2013! Nilikuwa sekondari, na sikumbuki mwanafunzi mwenzangu hata mmoja aliyekuwa ananunua CD. Tulikuwa na foleni kwa yule kijana wa kompyuta, jiti kwa kadi iliyojaa, na alikuwa na folda kwa kila msanii, na folda nyingine inaitwa "Mpya mpya", na nyingine "Zilipendwa". Stempu ilibandikwa kwenye jeneza.

Sasa hapa kuna hoja nzito dhidi yangu, na sitaki kuikwepa. Rafiki yangu mmoja aliniambia: bila kanda za kurekodi, mtoto wa mama lishe angemjulia wapi Marijani? Kanda halisi ilikuwa na bei, na bei ile kwa familia nyingi ilikuwa ni mboga ya siku. Wizi huo huo ndio uliotufundisha muziki. Nakubali kila neno. Wale wauzaji wenyewe hawakutajirika, wengi walikuwa vijana kama sisi wanaotafuta kodi ya chumba. Sina ugomvi nao. Nina ugomvi na mtu mwenye shahada, mwenye mshahara na bando la mwezi, anayegeuza shida ile kuwa hadithi ya heshima, kwamba zamani tuliwaheshimu wasanii na leo vijana hawawaheshimu. Uongo. Dogo wa leo anayesikiliza wimbo Boomplay au YouTube, senti zake chache zina nafasi ya kumfikia mwenye wimbo kuliko jiti letu lilivyokuwa nayo. Ni senti, ndiyo, na njiani kuna midomo mingi. Lakini jiti letu lilikuwa linafika wapi? Linaishia kwenye droo ya kijana wa kompyuta.

Basi kulikuwa hakuna chema? Kilikuwepo kimoja, na cha ajabu ni kwamba katika vilio vyote nilivyosoma hakuna anayekitaja. Majina.

Chukua kava la kanda halisi ya Bongo Fleva, lifungue. Ndani kuna maandishi madogo madogo yanayoumiza macho: nani kaitengeneza, studio gani, Bongo Records au MJ Records, nani kaitikia kiitikio, nani kapiga kinanda, halafu shukrani nusu ukurasa kwa mama mzazi, washkaji wa maskani na Mwenyezi Mungu. Chukua santuri iliyotoka Nairobi, katikati pale kwenye karatasi ya duara kuna jina la mtunzi. Na hata kwenye ile kanda ya wizi yenye wino wa bluu, kulikuwa na binadamu nyuma ya wavu unayeweza kumuuliza: bro, huyu anayeimba sauti ya pili ni nani? Naye anakujibu, tena kwa dharau, maana kujua majina ndiyo mtaji wake. "Hujui sauti ya Gurumo wewe?" Unaondoka umeaibika lakini unajua. Muhidini Gurumo sikumjulia darasani wala gazetini, nilimjulia kwa kutukanwa kwenye duka la kanda nikiwa na miaka tisa.

Hicho ndicho kimekufa, na hakikufa na kaseti. Kilikufa siku wimbo ulipogeuka kuwa faili linaloitwa "Track 07".

Mwaka jana nilikwenda kumhoji mzee mmoja aliyekuwa mpiga gitaa la besi kwenye bendi kubwa ya dansi. Anaishi nje kidogo ya jiji, nyumba ya vyumba viwili, bado mchangamfu. Nikamwamkia, tukaongea, na ili kumfurahisha nikatafuta kwenye simu wimbo aliopiga yeye. Ukapatikana haraka tu, ndani ya mkusanyiko wa saa nzima wa "Zilipendwa". Picha iliyowekwa ni machweo ya jua na minazi. Jina la bendi lililoandikwa si lao. Jina la wimbo limekosewa. Waliousikiliza ni mamia ya maelfu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, ametulia, vidole vinacheza kwenye goti.

"Huyo aliyeuweka humo ni nani, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui mzee, ametumia jina la kubuni.

"Basi amenipita," akasema. "Mimi natumia jina langu la kweli na hakuna anayenijua."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza kama amejisajili popote, kama amewahi kupata mirabaha. Akasema aliwahi kwenda, akaulizwa uthibitisho kwamba ndiye aliyepiga. Uthibitisho gani? Wimbo ulirekodiwa redioni, bendi ilikuwa na watu zaidi ya kumi, kiongozi amefariki, mtunzi amefariki, na yeye hana hata karatasi moja. Ushahidi pekee alionao ni vidole vyake.

Sasa mnaona ninapoelekea? Jina si pambo la kava. Jina ndiyo hati ya shamba. Mwanzoni mwa 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya kazi zinazopigwa redioni na kwenye televisheni, zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Piga hesabu, wastani ni kama laki tatu kila mmoja. Ni kidogo, watu walicheka sana mitandaoni. Lakini kwa mzee wangu laki tatu ni dawa za presha za miezi kadhaa, na hazimfikii, kwa sababu kwenye orodha ya waliocheza ule wimbo yeye hayupo. Kwa kweli orodha yenyewe haipo.

Na msiniambie haiwezekani kutengenezwa. Imetengenezwa, ila Ufaransa. Kuanzia mwaka 2005 kampuni ya Buda Musique ilitoa mfululizo wa CD unaoitwa Zanzibara, chini ya mtafiti wa Kijerumani Werner Graebner. Taarabu ya pwani, dansi letu, santuri za zamani, na kila CD ina kijitabu chenye maelezo ya bendi na watu wake. Mzungu alikaa na wazee wetu akaandika nani alipiga nini. Nilikiona kijitabu kimoja kwa mwalimu wangu mmoja chuoni, nikakisoma kama Biblia. Hapa nyumbani, zile tepu za RTD zimerithiwa na TBC, hazina kubwa kuliko zote za muziki wa nchi hii. Ningependa kuiona orodha yake hadharani, wimbo kwa wimbo, jina kwa jina, hata kabla hatujasikia nyimbo zenyewe. Kuweka orodha hadharani hakuhitaji studio wala mfadhili. Kunahitaji karani mmoja mvumilivu na mzee mmoja wa kumuuliza, na wazee ndio wanaotuishia.

Na sisi tuliobaki na simu zetu? Nimechoka kusikia kwamba hatuna uwezo. Mtu anayeweka mkusanyiko wa "Zilipendwa" anajua kuandika "Like na Subscribe" kwa herufi kubwa, anashindwaje kuandika jina la mtunzi? Ma-DJ wa redioni ndio wananimaliza kabisa. Anapiga nyimbo sita mfululizo bila kutaja hata moja, halafu anakuja hewani kutuhadithia alichokula mchana. Wenzao wa RTD walikuwa wanataja bendi na mtunzi kabla wimbo haujaanza, na walikuwa wanalipwa mshahara wa serikali.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Nimeanza na wimbo mmoja tu, ule wa mzee. Nimekwenda kwake mara tatu na daftari. Mpaka sasa tuna majina tisa: waimbaji watatu, solo, besi, dramu, tumba, na wapuliza vyombo wawili. Tarumbeta la pili mzee halikumbuki, anasema alikuwa kijana mweupe kutoka Morogoro aliyekaa na bendi miezi sita kisha akaenda jeshini. Gitaa la kati anabishana na mkewe, kila mmoja ana jina lake, na mke ndiye anayeelekea kuwa sahihi maana alikuwa anahudhuria dansi kila wiki na mume alikuwa anaangalia nyuzi zake.

Nanyi mnaolia, naombeni kitu kimoja. Kule kwenu kuna sanduku chini ya kitanda cha mama au stoo kwa mjomba, ndani kuna kanda na santuri ambazo hamjazigusa miaka kumi. Zitoeni. Ile picha ya mbele yenye msanii kavaa miwani siihitaji, imejaa mtandaoni. Ikunjue kava, piga upande wa ndani, ule wenye maandishi madogo, hakikisha herufi zinasomeka, nitumie. Na kama unamfahamu mzee yeyote wa Morogoro aliyewahi kupuliza tarumbeta Dar kabla ya kwenda jeshini, usiandike alama ya machozi. Niandikie namna ya kumpata.